Tairi lenye tabaka la kuzuia miiba: kilomita 2,140 za Tanga, Same na Mtae

Kabla sijasema mengi, tazama hiki nilichokishika kwa koleo. Nasogeza kamera. Umekiona? Ni kiwaya cha chuma, chembamba kuliko sindano, urefu wake ni kama punje ya mchele. Nimekichomoa asubuhi hii kwenye tairi langu la nyuma. Asili yake ni tairi la lori. Tairi la lori limesukwa nyaya za chuma ndani, na likipasuka njiani vipande vinasukumiwa pembeni mwa lami. Mpira unaliwa na jua, nyaya zinabaki. Na pembeni mwa lami ndiko sisi waendesha baiskeli tunakopita.

Kiwaya hiki kiliingia mpaka mwisho wake na hakikuigusa tyubu. Ndiyo maana leo nipo mbele yenu.

Habari zenu, ndugu zangu, na karibuni. Uchambuzi wa leo ni wa tairi la safari ndefu, lile lenye tabaka nene la mpira katikati ya ganda la nje na tyubu. Mkanda mweusi unaouona hapa nimeubandika mwenyewe juu ya jina la kampuni, kwa sababu kampuni zinazotengeneza tairi la namna hii ni nyingi na utakalolikuta dukani kwako huenda lisiwe hili. Linalojulikana zaidi duniani ni Schwalbe Marathon Plus la Wajerumani, ambalo tabaka lake lina unene wa milimita 5. Haya yangu ni ya kampuni nyingine, ila muundo ni uleule. Nimeyanunua kwa pesa yangu, shilingi 110,000 kila moja. Tairi la kawaida la saizi hiyohiyo nalipata kwa 20,000 au pungufu, kwa hiyo swali ninalojibu leo ni moja: hizo 90,000 za ziada zinakwenda wapi?

Baiskeli yenyewe ni mtumba, fremu ya chuma, ile ya milimani ya inchi 26, ina karia nyuma na mabegi mawili. Mimi na mizigo na maji tunafika kilo 95. Matairi haya nimeyaendesha kilomita 2,140 kwa safari tatu. Mbili nilitoka Tanga nikapita Muheza, Segera, Korogwe na Mombo, nikapanda Lushoto na kuendelea kwa vumbi hadi Mtae, ukingoni mwa milima ya Usambara. Ya tatu sikupanda mlima. Nilinyoosha kutoka Mombo kwenda Same, kupitia Mkumbara, Buiko, Hedaru na Makanya.

Sasa, kabla hujatoa hata shilingi, soma namba. Hapa ubavuni, chini ya maandishi makubwa, kuna namba ndogo: 47-559. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha pale ukingo wa tairi unapokaa kwenye rimu, nacho pia ni milimita. Namba hii ya pili ndiyo mkataba wako na rimu. Ukisikia muuzaji anakwambia "hii ni ishirini na nane, itaingia tu", mwombe akuonyeshe namba ya pili. Zile baiskeli nyeusi za wazee wetu, Phoenix na Avon, zinavaa tairi la 28 ambalo kipenyo chake ni 635. Baiskeli za kisasa za lami nazo zinaitwa 28, au 700C, lakini hizo ni 622. Tofauti ni milimita 13, na hakuna fundi wa kuziondoa. Zile zinazoitwa 29 za milimani ni 622 hiyohiyo. Yaani 28 mbili hazivaliani, lakini 28 ya kisasa na 29 zinavaliana. Inachanganya sana, na nimemwona mtu amekaa siku mbili Korogwe akisubiri tairi litoke Dar es Salaam kwa basi, huku kila duka la pale lina tairi za 28 zinaning'inia.

Ndiyo sababu mimi bado napanda 26. Tairi la 559 nimelikuta Mombo, nimelikuta Lushoto, na hata Lukozi kwenye duka linalouza mbolea na misumari. Si zuri, lakini linakufikisha. Kama unajenga baiskeli ya safari ndefu kwa nchi yetu, zunguka kwanza madukani uone kuna nini, ndipo uchague rimu.

Turudi kwenye miiba. Kati ya Hedaru na Same uko upande mkavu wa milima ya Upare, mvua inaishia juu. Huko kuna migunga, na chini kuna mbigili. Usiyeijua mbigili, ni kile kijani kinachotambaa ardhini chenye maua madogo ya njano. Tunda lake likikauka linagawanyika vipande, na kila kipande kinalala na mwiba umeangalia juu. Ukitoka nje ya lami ujisaidie, au ulisogeze gurudumu ukae chini ya mti unywe maji, umeshazibeba ishirini. Nikiwa na tairi langu la zamani, kipande hicho cha barabara kilinipa pancha tano kwa siku moja. Nakumbuka ya tano niliizibia gizani, tochi nimeing'ata mdomoni.

Kwa matairi haya, katika kilomita zote 2,140, nimepata pancha mbili. Moja ilikuwa mwiba wa mgunga mrefu kama kidole, na huo ungepita hata kwenye kandambili mbili. Ya pili sikuchomwa na kitu, ni kosa la mikono, nitaieleza. Mbigili hazikupita. Mwiba wake ni mfupi kuliko unene wa ganda na tabaka vikiunganishwa, unaingia na kuishia humo. Jioni unakaa na koleo unazichomoa moja moja. Fanya hivyo kila jioni, maana kiwaya au mwiba ukiachwa unazidi kusukumwa ndani kila gurudumu likizunguka.

Najua kuna mtu atauliza: kwa nini usiweke tyubulesi ukaachana na tyubu kabisa? Ni swali zuri, na sitaki kuidharau tyubulesi. Safari ya Same nilikwenda na rafiki yangu aliyefunga mfumo huo, tairi halina tyubu, ndani kuna maji meupe ya mpira yanayoziba tundu lenyewe. Kwenye mbigili alinishinda. Anachomwa, inafanya pss, anaendelea. Mimi kwa tairi langu zito nilikuwa nyuma yake mchana kutwa.

Lakini kesho yake, nje kidogo ya Makanya, aliingia kwenye jiwe lenye makali likampasua ubavuni. Mpasuko wa ukubwa ule maji hayauzibi. Akafanya kama wanavyofundisha: akatoa vali, akamwaga maji, akaweka tyubu ya akiba na kuziba mpasuko kwa ndani na kipande cha tairi kuukuu. Akapampu. Dakika tatu, chini. Akaziba. Chini tena. Tulipoligeuza tairi lile nje ndani ndipo tukaona. Mbigili zote za jana, zile alizokuwa anazipita kifua mbele, zilikuwa bado zimekaa mle na ncha zao zinachungulia ndani. Maji ya mpira yalikuwa yanazifunika. Tyubu imeingia imekutana nazo uchi. Tulikaa chini ya mti tukachomoa miiba thelathini na moja. Niliihesabu. Kwa hiyo wewe wa tyubulesi, siku utakayolazimika kuweka tyubu, pitisha vidole ndani kwanza, taratibu, mzunguko mzima. Na kumbuka maji yale yanakauka, na kwa joto la huku yanakauka mapema zaidi. Hedaru huyapati.

Sasa niseme ubaya wa tairi langu, na ni ubaya wa kweli.

Kwanza ni zito. Nimelipima, kilo moja kasoro kidogo. Langu la zamani lilikuwa gramu 600. Mawili pamoja umeongeza karibu gramu 800, na uzito huo uko mwishoni mwa gurudumu, mahali ambapo mguu unausikia kila unapoanza kuondoka. Kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kilomita 33 na unapanda karibu mita 1,000. Nilipokuwa na matairi mepesi nilikuwa nasimama mara moja tu, Soni, mji mdogo wa njiani. Kwa haya nimesimama mara tatu kabla hata ya Soni. Kwenye tambarare, likishapata mwendo, hulisikii tena.

Pili ni gumu kutoa. Ile pancha ya mgunga niliipata karibu na Hedaru. Nilihangaika na vile vijiko vya plastiki vya kutolea tairi mpaka kimoja kikavunjika. Nikasukuma hadi kwa fundi chini ya mwarobaini, mzee wa makamo. Akalitazama, akalibonyeza ubavu kwa dole gumba, akasema, "Mwanangu, hili umelitoa kwenye trekta?" Akaleta mpini wa kijiko na bisibisi. Tukalitoa, akasugua tyubu kwa msasa, akapaka solusheni, akasubiri ikauke vizuri kabla ya kuweka kiraka. Kazi safi. Wakati wa kurudisha ndipo bisibisi ikabana tyubu dhidi ya rimu, ikatoboa. Hiyo ndiyo pancha ya pili. Simlaumu mzee yule, maana aliyemletea tairi la namna hiyo bila vifaa vyake ni mimi, na hakukubali kunitoza kiraka cha pili. "Asante" niliyompa wakati wa kuondoka ilitoka moyoni.

Tangu siku hiyo nimejifunza. Tairi liweke juani kwanza, robo saa, lilainike. Anza kuliingiza upande ulio mbali na vali, malizia penye vali. Kila unapoendelea, bana kingo zote mbili ziingie kwenye mfereji wa katikati ya rimu, pale rimu ilipo ndogo zaidi. Ukifanya hivyo sehemu ya mwisho inaingia kwa viganja, huhitaji chuma chochote.

Tatu ni matope. Uso wa tairi hili umechorwa kwa ajili ya lami na vumbi gumu. Wakati wa masika, ukishapita Magamba kuelekea Lukozi, udongo mwekundu wa Usambara unageuka sabuni. Meno haya ni mafupi, yanajaa, na gurudumu linateleza kama samaki. Niliteremka nikasukuma zaidi ya kilomita nne, na madigadi yalijaa mpaka magurudumu hayazunguki. Ukiniuliza, Mtae nenda kiangazi. Utafika kwenye ukingo ule, tambarare za Mkomazi zimelala chini yako, na utakuwa na nguvu ya kuzitazama.

Upepo wa kujaza. Watu wengi wanajaza mpaka tairi linakuwa jiwe, wakidhani ndivyo miiba inavyozuiwa. Kwa mzigo wangu nyuma naweka 55 psi na mbele 45 nikiwa kwenye lami. Nikiingia vumbi na mawe napunguza kumi kila upande, na mikono inashukuru. Kiwango cha juu kimeandikwa ubavuni, usikipite. Na kama unaweza kuchagua, tumia tyubu yenye vali nene kama ya pikipiki. Kituo cha mafuta chenye pampu ya upepo kitakujazia. Vali nyembamba ya Kifaransa inataka pampu yake au kile kichwa kidogo cha kuunganishia, ambacho kinapotea siku ile unapokihitaji. Tundu la vali nene kwenye rimu ni milimita 8.5 na la nyembamba ni 6.5, kwa hiyo pima kabla ya kununua.

Jambo moja la kuteremka, hasa kwa wenye breki za rimu kama mimi. Kutoka Lushoto kushuka Mombo na mzigo, ukishika breki mfululizo rimu inapata joto kali, gundi ya viraka inalegea, na tyubu inaweza kupasuka ukiwa kwenye kona. Unene wa tairi hausaidii kitu hapo. Shika, achia, shika, achia. Mimi nasimama Soni, nagusa rimu kwa haraka na ncha ya kidole, nanunua ndizi, nasubiri ipoe.

Basi, nani anunue? Kama unazunguka mjini na kurudi nyumbani jioni, usinunue, chukua la 20,000 na kiraka mfukoni. Kama unashindana na wenzako Jumamosi, litakuchosha bure. Lakini kama unakwenda siku nne, tano, peke yako, kuna kipande kirefu kisicho na fundi na jua linazama saa kumi na mbili na nusu, hizo 90,000 zimekwenda kwenye saa za mchana. Mimi nimezihesabu. Siku ya pancha tano nilifika Same saa tatu usiku. Siku ya matairi haya nilifika saa kumi alasiri, nikaoga, nikala kabla sijasinzia.

Uchakavu: la nyuma limeanza kuwa bapa katikati, la mbele bado liko kama jipya. Nikinunua jipya nitaliweka mbele na la mbele litarudi nyuma, maana tairi la mbele likikutupa, unaanguka wewe. La kuwaonya ni hili: likichakaa mpaka uone rangi ya tabaka la ndani, hilo limekwisha, usilipeleke safari.

Hili hapa lilikuwa juani tangu nianze kuongea. Limelainika, ona linavyokunjika. Naanza kulirudisha kwenye rimu sasa, na kamera naiacha iwake ili uone vidole vinakaa wapi.