Asif Kapadia na Maisha Matatu: Uhakiki wa Senna, Amy na Diego Maradona

Filamu ya Amy inafunguliwa kwa mkanda wa nyumbani wa mwaka 1998, ambamo wasichana kadhaa wa London wanamwimbia mwenzao wimbo wa siku ya kuzaliwa kwa utani wa kitoto, mpaka mmoja wao, Amy Winehouse, mwimbaji wa baadaye mwenye umri wa miaka 14, anapouchukua wimbo huo na kuuimba kwa sauti ya mwimbaji wa jazi aliyekwisha kukomaa. Picha inatikisika, mwanga ni hafifu, na hakuna yeyote pale anayedhani kwamba mkanda ule utatazamwa na watu wasiowajua. Nimeitazama filamu hiyo mara tatu, na kila mara ni dakika hizo chache zinazonishika kuliko vilio vya mwishoni.

Asif Kapadia, mtengenezaji filamu mzaliwa wa London, alijulikana kwa kazi tatu za hali halisi: Senna ya mwaka 2010, Amy ya mwaka 2015 iliyompatia tuzo ya Oscar mwaka uliofuata, na Diego Maradona ya mwaka 2019. Zote tatu zinafuata kanuni moja ambayo wengi wameiiga tangu wakati huo. Hakuna mtaalamu anayekaa kitini mbele ya rafu ya vitabu kutueleza marehemu alikuwa nani. Wasimulizi, ambao kwa filamu ya Amy pekee walikuwa wapatao 100, wanasikika tu, huku macho yetu yakibaki kwenye picha za zamani. Kwa hiyo msimulizi hazeeki mbele yetu, na mhusika haonekani kuwa mtu wa kale anayekumbukwa. Yupo, anacheka na kukosea, nasi tunatazama tukiwa tunajua jambo ambalo yeye halijui.

Kanuni hiyo ina gharama yake. Jina la msemaji huandikwa kwenye skrini, lakini mara nyingi hatujui alisema akiwa katika hali gani, au kama uso wake ungethibitisha alichokisema. Baba yake Amy Winehouse aliilalamikia filamu hadharani kwamba ilimwonyesha vibaya. Sina uwezo wa kuamua ugomvi huo, ila naona kwamba mtindo wa sauti bila sura humwachia mhariri nguvu kubwa mno, kwa kuwa anaweza kuweka sentensi ya leo juu ya picha ya miaka kumi iliyopita na mtazamaji asishtuke.

Lililo gumu zaidi ni asili ya picha zenyewe. Nusu ya pili ya Amy imejaa miale ya kamera za paparazi, ile ile iliyomwandama msichana huyo mlangoni kwake mpaka alipofariki Julai 2011 akiwa na miaka 27. Filamu inalaani uwindaji huo kwa kutumia nyama ya wawindaji. Kapadia analijua tatizo hili, na kwa makusudi anaifanya miale hiyo ituumize macho, lakini kuumia kwetu hakubadili ukweli kwamba bado tunatazama. Usiku wa Februari 2008 alipozoa tuzo 5 za Grammy, kwa upande mwingine, kinachobaki moyoni ni maneno aliyomnong'oneza rafiki yake, kwamba yote yale yanachosha bila dawa za kulevya, na maneno hayo tunayapata kwa sababu rafiki huyo aliamua kuyatoa.

Diego Maradona ndiyo yenye utajiri mkubwa wa picha na, kwa maoni yangu, ndiyo inayolegea zaidi. Imechujwa kutoka kwenye kanda za zaidi ya saa 500, nayo inamfuata mwanasoka huyo wa Argentina akiwa Napoli, Italia, kati ya mwaka 1984 na 1991, katika mji uliomfanya mtakatifu baada ya ubingwa wa Italia wa 1987, kisha ukamgeuka baada ya Argentina kuitoa Italia kwa penalti katika uwanja wa mji huo huo, kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia la 1990. Wazo la kumgawa mtu huyo mara mbili, Diego mpole na Maradona mwenye kiburi, linatoka kwa mwalimu wake wa mazoezi ya viungo. Linapendeza mwanzoni, lakini linarudiwa mpaka linakuwa kisingizio.

Senna, inayohusu dereva wa langalanga kutoka Brazili aliyefariki tarehe 1 Mei 1994 baada ya ajali mbioni huko Imola, Italia, inaegemea upande wa shujaa wake waziwazi, na mpinzani wake Alain Prost, dereva kutoka Ufaransa, amepewa nafasi ya adui ambayo nadhani hakustahili kuibeba kiasi hicho. Hata hivyo ningemshauri mtu aitazame mwisho kati ya hizo tatu. Kuelekea tamati, Senna anaulizwa ni mpinzani gani aliyefurahia zaidi kushindana naye, naye hamtaji Prost wala bingwa yeyote wa langalanga. Anamtaja Terry Fullerton, Mwingereza waliyekuwa naye kwenye mbio za karti ujanani, wakati ambapo hapakuwa na fedha wala siasa, na skrini inaonyesha kijana mwembamba akiendesha kigari kidogo.