Unga wa Mchele, Mtama na Makopa: Upi Unafaa kwa Mkate Usio na Ngano?

Assalamu alaykum ndugu zangu, karibuni jikoni. Hapa mezani nina unga wa aina tatu kutoka soko la Darajani: wa mchele, wa mtama na wa makopa, yaani muhogo mkavu. Wanaoniuliza zaidi ni akina mama ambao daktari amewaambia mtoto ana ugonjwa wa siliaki. Mtoto huyo akila gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, utumbo wake mdogo unadhurika. Kwa hivyo boko boko la ngano hali, na chapati za ata hali, maana ata nayo ni ngano. Lakini mkate ataula, inshallah.

Tuanze na mchele. Huu wa paketi umesagwa mkavu. Ukiusugua kidoleni unakwaruza, na mkate wake unapukutika ukikatwa. Mimi siupendekezi kwa mkate.

Sasa tazama huu mwengine. Mchele vikombe viwili, umeroweka usiku kucha, umechujwa, ukasagwa kwa blenda na tui zito kama kikombe kimoja na nusu, hamira kijiko cha chai, iliki na sukari. Umeona ulivyo laini? Ndio mkate wa kumimina, bibi zetu wameupika miaka yote bila ngano hata chembe! Ngano ukiikanda, gluteni inajenga utando unaoshika hewa ya hamira. Mchele hauna utando huo, ndio maana haukandwi, unamiminwa, na ute wa yai uliopigwa unasaidia kushika ile hewa. Ukishaumuka usiuache ukae. Umimine kwenye sufuria yenye mafuta ya moto, kisha upalie makaa juu ya kifuniko. Ukichelewa unashuka katikati. Na usikate mpaka upoe, ukiwa moto ndani unanata.

Mtama nimeupenda kwa keki. Una uchungu kidogo, ila ndizi mbivu zilizopondwa zinaumaliza, na rangi yake inapendeza.

Makopa yanakunywa maji mengi, na yakiwa peke yake mkate unavutika. Changanya robo tu ndani ya mchele. Chagua makopa meupe, makavu, yasiyo na ukungu.

Jambo ambalo halionekani kwa macho ni mashine ya kusagia. Ikitoka kusaga ngano, ikasaga mtama wako, basi mtama ule si salama tena kwa mtoto huyu. Kiwango cha kimataifa cha chakula kisicho na gluteni ni miligramu 20 kwa kilo, kidogo mno. Kwa hivyo nunua punje nzima, chagua, osha, anika, usage nyumbani. Chekecheo la ngano lisitumike hapa, na mwiko wa mbao uwe wake peke yake.

Na wewe unayeshuku tu, nenda kapimwe kwanza kabla hujaacha ngano, kwani ukishaiacha kipimo kinaweza kisioneshe kitu.