Wakala wa vyuo vya nje hapa Mwanza mjini: nyota mbili, na moja ni ya dada wa mapokezi

Naanza na hela maana ndo inayouma. Laki moja na nusu ya "ushauri", hairudi hata mbingu zishuke, alafu laki nne ya "form ya Uingereza", na hapo hujanunua hata bahasha. Jina la ofisi silitaji, sitaki kesi na mtu, ila iko mjini kati, ghorofa ya tatu, lifti imekufa na hakuna anayejua ilikufa lini, ukifika juu unahema kama umepandisha gunia.

Nilimpeleka binti wa kaka yangu. Kamaliza kidato cha sita KLF, yani Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, na hiyo Kifaransa ndo mambo yake. Mimi nauza dagaa soko la Mwaloni Kirumba na wateja wangu wakubwa ni Wakongo. Toka yuko kidato cha pili likizo zote yuko na mimi bandani. Sasa Wakongo wakija wanaanza na Kiswahili chao cha kule, tunapatana vizuri tu, bei ikikaribia kukaa mmoja anamgeukia mwenzie wanahamia Kifaransa ili mimi nibaki nje. Mtoto yuko pembeni anafunga magunia, kimya, wala hageuki. Siku moja kaja kama anachukua kamba akaninong'oneza, "shangazi usishuke, wanasema kwa hiyo bei bado wanapata faida nzuri." Sikushuka. Walilipa. Jioni nikampigia kaka nikamwambia huyu mtoto lugha atasoma, hata kama ni wewe uuze ng'ombe.

Haya ofisi yenyewe. Dada wa mapokezi nampa nyota yake nzima. "Karibu mama, karibu mdogo wangu, poleni na ngazi," maji ya kunywa, vyeti akakopi akarudisha orijino palepale kwenye bahasha kwa mpangilio uleule aliovikuta. Watu wanachukulia poa hiki kitu, waulize waliopotezewa cheti cha form four.

Tatizo ni mshauri. Kijana wa tai, anaongea haraka, akatuwekea mezani karatasi imelaminetiwa imeandikwa vyuo 10 bora duniani vya lugha, juu kabisa Oxford, Cambridge, Harvard. Nisiwe muongo, hiyo karatasi sio feki, kwenye orodha za QS, wale wanaopanga vyuo vya dunia kwa ubora, za lugha za kisasa hivyo vitatu huwezi kuvikosa huko juu. Ila mtoto alishanielezea nyumbani, zile orodha kwa sehemu kubwa zinaangalia jina, wanawauliza maprofesa na waajiri kwamba wewe chuo fulani unakionaje. Sasa hata mimi ukiniuliza nani ana dagaa wazuri Mwaloni nitakutajia wale wenye majina, lakini wewe mwenye hela ya magunia mawili utaenda kwao kufanya nini?

Mtoto akauliza kwa adabu, "kaka, Oxford Kifaransa wanaanzia wapi?" Jamaa akasema wanafundisha kila kitu kuanzia mwanzo kabisa. Sio kweli. Pale Kifaransa lazima uje nacho cha kiwango cha kidato cha sita, vinavyoanziwa sifuri ni kama Kiitaliano, Kireno, Kirusi. Cambridge ndo kabisa, unasoma lugha mbili na moja uwe umefika nayo. Na degree yenyewe ni miaka minne, mwaka wa tatu kwa kawaida unakaa nje, kwenye nchi ya hiyo lugha. Hayo mtoto kayasoma kwenye tovuti zao wenyewe kwa bando langu la usiku, bure kabisa, alafu mtu niliyemlipa laki na nusu hayajui!

Tukaendelea. Akasema kwa laki nane, yani ile laki nne mara mbili, anatuombea Oxford na Cambridge kwa mpigo na tusiwe na presha maana mwisho ni Januari. Nikasikia nakanyagwa mguu chini ya meza. Kumbe maombi ya degree ya kwanza Uingereza yanapita sehemu moja inaitwa UCAS, form ni moja, unachagua mpaka vyuo vitano, na ada yake haifiki pauni 30, tuseme kama laki moja ya kwetu. Huyu alitaka mara nane. Na Oxford na Cambridge hauruhusiwi kuomba vyote mwaka mmoja, chagua kimoja. Na mwisho wao ni tarehe 15 Oktoba, hiyo Januari ni ya vyuo vingine. Sisi tulienda pale wiki ya mwisho ya Septemba. Tungemsikiliza tungekuwa tunajiandaa kwa Krismasi huku mlango umeshafungwa.

Nikamuuliza na ada je. Akazunguka zunguka, mara "inategemea mama yangu", mwisho akasema. Oxford kwa anayetoka nje ya Uingereza ni zaidi ya pauni 30,000 kwa mwaka. Kwa mwaka jamani! Mara nne. Ziwa zima likaushwe, dagaa, sato, sangara na furu wakiwemo, haitoshi. Akasema tutamwombea skolashipu ya Chevening. Mtoto akashindwa kuvumilia akacheka kidogo, maana Chevening ni ya masters ya mwaka mmoja na wanataka uwe na uzoefu wa kazi kama miaka miwili. Huyu uzoefu wake ni kufunga magunia.

Kilichoniudhi zaidi ni vitu ambavyo hakuvigusa kabisa, na ndo vilikuwa saizi yetu au karibu na saizi yetu. Kwa mfano Ufaransa, licence ya lugha, yani degree yao ya kwanza, iko ya aina mbili, kuna LLCER ambayo unazama kwenye lugha moja na fasihi yake na utamaduni wake, na kuna LEA ambayo unachukua lugha mbili za kigeni unachanganya na uchumi, sheria, mambo ya biashara. Mtoto aliponieleza hiyo LEA nikamwambia hiyo si ndo Mwaloni yenyewe! Akacheka, akasema ndo hiyo shangazi ila kuna kiyoyozi. Ada ya vyuo vya serikali kwa wasiotoka Ulaya walipandisha mwaka 2019 ikawa yuro 2,770 kwa mwaka ya licence, imeendelea kusogea kidogo, na vipo vyuo vinavyokusamehe hiyo nyongeza. Sio hela ndogo ila weka na pauni 30,000 uone.

Ujerumani watu wanaisema ni bure na ni karibu na kweli, vyuo vingi vya serikali havina ada, unalipa mchango wa muhula tu. Ila Heidelberg, chuo cha tangu 1386, kiko jimbo la Baden-Württemberg na wale toka 2017 wanawatoza wa nje ya Ulaya yuro 1,500 kwa muhula. Kitu kinachoua huko ni ile akaunti ya viza, unatakiwa uweke mbele hela ya kuishi ya mwaka, mara ya mwisho kuangalia ilikuwa yuro 11,904, wanakufungulia kidogokidogo kila mwezi. Kaka yangu aliposikia hiyo namba alitoka nje kwenda kuangalia mvua, na mvua haikuwepo.

China nayo hakuitaja kabisa, na hapa Mwanza kila kona kuna Wachina, daraja la Kigongo hadi Busisi wamejenga wao, reli ya Isaka wako wao. Beijing kuna chuo kizima cha lugha, Beijing Language and Culture University, na serikali yao inatoa skolashipu, unajipima kwa mtihani wa Kichina unaitwa HSK. Binti yangu hataki Kichina, sawa, lakini ushauri ni kuambiwa vyote uchague mwenyewe.

Na jambo lililonichekesha, kuna vyuo vikubwa vya lugha huko nje ambavyo wazungu wenyewe wanaenda kusoma Kiswahili. SOAS pale London toka 1916, INALCO Paris ambayo ilianza 1795 ina lugha zaidi ya 100 na chetu kimo, Leipzig Ujerumani kipo, hata Korea Kusini pale Hankuk. Kuna mtu sasa hivi Paris analipa ada ili aelewe ngeli ya ki-vi. Aje tu Kirumba, ndani ya mwezi atajua na matusi.

Mwisho nikamuuliza jamaa kama wamesajiliwa TCU, ile tume ya vyuo vikuu, maana mawakala wa vyuo vya nje wanatakiwa watambuliwe kule na orodha yao ipo, akasema mchakato unaendelea. Nikasimama. Laki nne hatukulipa, laki na nusu ikaliwa. Tukiwa tunashuka dada wa mapokezi akatukimbilia ngazi ya pili, nikajua kuna tulichosahau, kumbe kaleta miatano, "mama ile hela ya kopi, hamkutakiwa kulipa." Ndo maana ya ile nyota. Ya pili ni ya maji.

Sasa hivi mtoto anajiandaa na mtihani wa Kifaransa wa DELF B2, vituo vya Alliance Française viko Dar na Arusha kwahiyo safari ipo, na barua ya maombi ya LEA ameandika mwenyewe. Wiki iliyopita mteja wangu mmoja wa Bukavu aliisoma akiwa amekaa juu ya gunia, miwani imeshuka puani, akaomba kalamu, akabadilisha sentensi mbili akarudi akafuta moja ya alizobadilisha. Alafu akataka nimpunguzie bei kwa hiyo kazi. Nikampunguzia buku kwa kila gunia.

Kwa wanaotaka kwenda pale bado, wanafungua saa tatu, Jumamosi mwisho saa saba mchana. Dai risiti ya EFD kabla hujatoa hela, mimi niliandikiwa kwenye kikaratasi cha daftari na tarehe waliikosea.