Gemu la 4K linakwama kwenye TV ya sebuleni? Anza kununua hivi

Wakuu, hii ni kwa wale PC iko chumbani, gemu unataka ulichezee sebuleni kwenye TV kubwa, umeweka Sunshine (programu inayorusha gemu) kwenye PC na Moonlight (inayolipokea) kwenye TV, ukipandisha 4K picha inaanza kukatakata. Wengi akili inakimbilia kadi mpya ya grafiki au kuongeza kifurushi cha fiba. Fiba haihusiki kabisa hapo, gemu linatoka chumbani linaenda sebuleni, halipiti nje.

Kabla hujatoa hata mia, chomeka laptop kwenye TV hiyo au tumia PC nyingine yenye Moonlight, ukiwa ndani ya gemu bonyeza Ctrl+Alt+Shift+S. Inakuja namba. Fremu zinazopotea kwenye mtandao zikiwa nyingi, shida ni njia. Muda wa kufungua picha ukizidi milisekunde 16, kifaa ulichokipimia ndo kimezidiwa maana kwa fremu 60 kila moja ina kama milisekunde 16.7 tu.

Namba moja ni waya wa mtandao, na sitabishana na mtu. Aina ya Cat5e inatosha kabisa kwa gigabiti moja mpaka mita 100, Cat6 ukiipata kwa bei karibu na hiyo chukua. Shida ya Kariakoo ni kwamba nyaya nyingi ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu, kwaruza ncha na wembe, ukiona nyeupe ndani rudisha. Na fundi akikubania RJ45, ile plagi ya mwisho wa waya, mwambie aunge nyaya zote 8, wengine wanaunga 4 tu wanasema "si inashika intaneti", kweli inashika, ila spidi inabaki megabiti 100. Angalia kwenye Windows, iandike 1.0 Gbps. Moonlight yenyewe kwa 4K fremu 60 inaanzia megabiti 80, sasa kwenye 100 unapumulia wapi?

Halafu TV nyingi, hata za bei mbaya, tundu lake la LAN, la waya wa mtandao, ni megabiti 100 tu. Ikiwa yako ni hivyo shusha spidi ya video kwenye Moonlight iwe megabiti 60 hivi na utumie HEVC, mbinu ya kubana video, picha itakuwa safi tu.

Namba mbili, rauta ya 5 GHz, kama ni nyumba ya kupanga na baba mwenye nyumba hataki kutobolewa ukuta. Ile 2.4 GHz sahau, ghorofa za Sinza na Kijitonyama kila mlango una WiFi na chaneli zisizogongana ni tatu tu, 1, 6 na 11. Ila 5 GHz haipendi ukuta wa tofali, weka rauta sebuleni ionane na TV, na PC ibaki kwenye waya hata kama TV haina. Zote mbili zikiwa hewani, data inasafiri hewani mara mbili.

Namba tatu ni boksi la Android TV lenye HEVC, kwa TV ya zamani. Muulize muuzaji kama lina tundu la gigabiti, akikuambia "linacheza 4K" hajakujibu.

Kadi ya grafiki ndo ya mwisho. GTX 960 ya 2015 tayari inabana HEVC yenyewe, GTX 750 Ti haiwezi. AV1, mbinu mpya zaidi ya kubana video, unaipata kuanzia RTX 40, RX 7000 au Intel Arc, na boksi lako nalo liwe linaifungua, la sivyo umelipia bure. Kama gemu lenyewe kwenye PC halifiki fremu 60, shusha iwe 1440p, piseli milioni 3.7 badala ya 8.3, na uzuie fremu zisipite 60 ili kadi isikae asilimia 99 muda wote, ikijaa hivyo hata kubana video inashindwa.

Vile vifaa vya kupitisha mtandao kwenye nyaya za umeme, kwa waya za nyumba zetu nyingi, mimi nisingenunua. Hiyo hela weka UPS ndogo ya rauta.