Walimkata mbwa kwenye picha yangu

Duka sitalitaja, maana kijana ameshaomba radhi. Lipo Mtwara mjini, wanachapa picha na kutengeneza fremu. Nilipeleka picha aliyonitumia mwanangu aliyeko Marekani: mnara wa kuwakumbuka wanajeshi wa Irish Brigade, pale kwenye uwanja wa vita wa zamani wa Gettysburg, msalaba wa shaba na mbwa amelala chini yake. Nikataka A3, fremu ya mninga. Jumla shilingi 45,000, nusu nikatanguliza.

Siku ya tatu nikaenda kuchukua. Rangi safi, pembe za fremu hazina mwanya. Ila mbwa hayupo!

"Nilimtoa, mama," kijana akasema, tena kwa kujisifu. "Nilidhani kapita tu akajilaza, anaharibu kumbukumbu ya watu."

Nikavuta stuli nikakaa, nikamwambia kijana: Mwanangu, mbwa ndiye habari yenyewe. Hao ni Waairishi. Viazi vilioza kwao miaka ya 1840, njaa ikaua watu, wengine wengi wakapanda meli kwenda Marekani. Huko nako vita vya wenyewe kwa wenyewe vikawakuta, wakapigana upande wa Kaskazini wakiwa na brigedi yao. Hadi wanafika Gettysburg, vita vilishawatafuna, brigedi nzima imebaki na watu 530 hivi. Tarehe 2 Julai 1863, kabla hawajaingia kwenye shamba la ngano, padri wao William Corby alipanda juu ya jiwe akawaondolea dhambi wote kwa mpigo. Karibu 200 waliuawa, walijeruhiwa au hawakuonekana tena.

Mnara ukazinduliwa tarehe ile ile mwaka 1888, kwa ajili ya vikosi vitatu vya New York: cha 63, cha 69 na cha 88. Mbwa ni wa aina ya kwao Ireland, wale warefu wa kuwindia mbwamwitu, na amelala kama anayemngoja mwenyewe. Aliyemchonga, William Rudolf O'Donovan, vitani alikuwa jeshi la Kusini. Adui yao! Hapo kijana akaweka simu chini.

Sikumwambia kwa nini naitaka picha. Kaka yangu amezikwa Naliendele, pamoja na wanajeshi wetu waliofia Msumbiji. Alipoondoka, mbwa wetu kule Newala alikuwa akilala njia panda mpaka gari la mwisho la jioni lipite.

Walirudia kuchapa bure, hawakubisha. Ila ilichukua siku nne nyingine, na kila nikipiga simu naambiwa "kesho, mama". Nawapa nyota tatu. Ukienda, picha ya WhatsApp itume kama dokumenti, la sivyo itatoka na ukungu, na waambie kabisa wasikate kitu.

Safari hii mbwa yupo, ila ncha ya mkia imeingia chini ya fremu. Nimeiacha hivyo hivyo.