TAHADHARI: Wakala wa "viza ya ndoa ya Uingereza" hapa Dar, msimtumie pesa kabla hamjasoma hili

Ndugu zangu, hasa ninyi mnaotarajia kuoa au kuolewa na mtu anayeishi Uingereza, naomba msome hadi mwisho. Kuna jamaa hapa Dar es Salaam anajitangaza WhatsApp na Instagram kuwa ni mshauri wa viza za ndoa. Jina la ofisi yake silitaji kwa sababu suala liko polisi. Namna anavyofanya kazi nitaieleza yote, maana hata akibadilisha jina kesho, mtamtambua kwa mwenendo wake.

Aliyeumizwa ni mdogo wangu wa kike, mtoto wa mama mdogo. Mchumba wake amezaliwa Morogoro, sasa ni raia wa Uingereza, anaishi Leicester na ana kazi ya kudumu. Wanafahamiana muda mrefu, amekuja nyumbani, wazee wa pande zote wamekaa, mahari imetolewa. Hapakuwa na kitu cha kuficha, na ndilo linaloniuma kuliko pesa zenyewe. Watu waliokuwa na ombi safi kabisa wametumbukizwa kwenye uongo ambao hawakuuhitaji.

Jamaa alianza kwa kumtisha. Akamwambia viza ya mwenzi inachukua muda mrefu na inakataliwa ovyo, kwa hiyo bora aombewe viza ya matembezi, aingie, wafunge ndoa huko, kisha "abadilishe akiwa ndani". Kwa huduma hiyo alitaka shilingi milioni nne na nusu, nusu mbele. Alisema ana mtu wake ubalozini na kwamba ndani ya siku 14 pasipoti itakuwa na viza.

Njia hiyo aliyomuuzia haipo. Mwenye viza ya matembezi ya kawaida haruhusiwi kufunga ndoa Uingereza wala kutoa taarifa ya kutaka kufunga ndoa. Ipo viza nyingine ya mgeni anayekwenda kufunga ndoa kisha aondoke, lakini hiyo nayo ni ya miezi sita tu na lazima urudi ulikotoka. Viza zote mbili huwezi kuzigeuza kuwa viza ya mwenzi ukiwa kule. Na usidhani mtafunga kimyakimya. Kwa England na Wales, wachumba hufika wenyewe kwa msajili na kutoa taarifa siku 28 kabla. Mmoja wao akiwa mgeni asiye na ukaazi wa kudumu, msajili hupeleka habari Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza, nayo inaweza kurefusha siku hizo hadi 70 ili ichunguze. Dada yetu angefika huko, akagonga ukuta, na fomu yake ingekuwa imeandikwa "utalii" wakati simu yake imejaa mazungumzo ya harusi.

Habari ya mtu wa ubalozini nayo ni danganya toto. Maombi ya viza za familia huamuliwa Uingereza kwenyewe. Pale VFS, kampuni inayopokea maombi ya viza, unapokwenda kutoa alama za vidole na picha, wanapokea na kutuma tu, hawana uamuzi wowote. Kwa hiyo anayekwambia anamjua mtu Dar wa kukupitishia, hata kama kweli anamjua mtu, mtu huyo hana cha kukupitishia.

Sasa njia za kweli ni zipi? Kama mwenzio ni raia wa Uingereza au ana ukaazi wa kudumu kule, mnachagua kati ya mbili. Ya kwanza ni kufunga ndoa hapa nyumbani kisha kuomba viza ya mwenzi. Ya pili ni viza ya uchumba: unaingia, mnafunga ndoa ndani ya miezi sita, halafu unaomba upya kama mwenzi ukiwa huko huko. Wakala huyu anapenda kuuza ya pili kwa wale wanaokataa ya matembezi, kwa maneno kwamba ni "nafuu na haina ada ya afya", yaani malipo ya kutumia huduma za afya za serikali kule. Chukueni kalamu tupige hesabu kwa viwango vya Aprili 2025 (kabla ya kulipa angalieni vya sasa kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, GOV.UK, hupandishwa mara kwa mara).

Viza ya mwenzi ukiomba ukiwa nje ni pauni 1,938. Ada ya afya ni pauni 1,035 kwa mwaka, na kwa kuwa viza yenyewe ni ya miezi 33, utalipishwa miaka mitatu, yaani 3,105. Jumla 5,043. Viza ya uchumba nayo ni 1,938, na kweli haina ada ya afya mwanzoni. Lakini baada ya ndoa unalipa 1,321 ya kuomba ndani ya nchi, pamoja na ada ya afya ya miaka miwili na nusu, 2,587 na nusu. Jumla inafika 5,846 na nusu. Umezidisha zaidi ya pauni 800, na juu yake hukuruhusiwa kufanya kazi tangu ulipoingia hadi ombi la pili lijibiwe. Tena muda ulioukaa kwa viza ya uchumba hauhesabiwi katika miaka mitano ya kuelekea ukaazi wa kudumu.

Sisemi viza ya uchumba haifai. Kuna wanaoihitaji kweli: mzazi mgonjwa yuko kule na hawezi kusafiri, au ndoa haiwezekani kufungwa hapa kwa sababu ya msingi. Ninachosema ni kwamba uamuzi huo ni wenu ninyi wawili, kwa kuangalia ndoa itafungwa wapi na nani ataacha kazi lini. Siyo wa mtu anayeingiza pesa kila ombi linapoongezeka. Kwa watu walio kama mdogo wangu, ambao wazee wote wako hapa na harusi ilikuwa ifanyike Morogoro hata hivyo, kufunga ndoa nyumbani ndiko kulikofaa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa, mnafunga kwa dini yenu au bomani, na mnahakikisha ndoa imesajiliwa mpate cheti kinachotambulika na RITA, wakala wa serikali wa usajili. Nikahi au ndoa ya kanisani iliyofungwa hapa kwa kufuata sheria za hapa inatambuliwa kule. Kama cheti au karatasi yoyote iko kwa Kiswahili tu, ambatanisheni tafsiri iliyothibitishwa na mfasiri mwenye jina, saini na mawasiliano.

Jambo ambalo jamaa huyu haulizi kamwe ni mwenzio ana hadhi gani kule. Nimezungumza na kaka mmoja wa Tanga aliyelipa kwa mtu huyo huyo. Mkewe yuko Uingereza kwa viza ya kazi ya kutunza wazee, alikwenda katikati ya mwaka 2024. Tangu tarehe 11 Machi 2024, wanaopata viza ya kazi hiyo hawaruhusiwi kuleta mume, mke wala watoto kama wategemezi. Wanafunzi nao, waliozianza kozi zao Januari 2024 na kuendelea, hawawezi kuleta familia isipokuwa wale wa masomo ya utafiti na wachache wenye ufadhili wa serikali. Viza ya mwenzi niliyoieleza juu ni ya mtu ambaye mwenzi wake ni raia, ana ukaazi wa kudumu, au yumo kwenye makundi machache mengine kama wakimbizi waliotambuliwa. Kwa hali ya mke wa kaka huyu, mlango huo haukuwepo, na swali moja tu la "mkeo ana viza gani?" lingemwokolea pesa zake. Hakuulizwa. Alipokelewa pesa akaambiwa asubiri.

Kipato pia. Wakala anasema "hawaangalii sana". Wanaangalia kuliko kitu kingine. Tangu tarehe 11 Aprili 2024, mwenzi aliye Uingereza anatakiwa awe na kipato cha angalau pauni 29,000 kwa mwaka, badala ya 18,600 ya zamani. Asiyefikisha anaweza kutumia akiba, ila kwa akiba peke yake ni pauni 88,500, zikiwa zimekaa benki miezi sita. Wanaopokea baadhi ya posho za ulemavu au za kumhudumia mlemavu wana kipimo chao tofauti. Salari slipu lazima zilingane na pesa inayoonekana kuingia benki, mwezi kwa mwezi.

Hapa ndipo palipo na hatari kubwa kuliko milioni nne na nusu. Mdogo wangu alipouliza kuhusu vielelezo, jamaa alimwambia asijali, "vingine tutatengeneza". Alimtengenezea taarifa ya benki yenye salio ambalo hajawahi kuwa nalo. Alimwahidi pia cheti cha Kiingereza bila kukalia mtihani, wakati kinachotakiwa kwa viza ya mwenzi ni kiwango cha A1 tu, yaani cha mwanzo kabisa, kuzungumza na kusikiliza, mtihani ambao binti aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuufaulu akijiandaa kidogo. Vyeti hivyo vina namba ambayo afisa anaihakiki kwenye mtandao. Karatasi ya kughushi ikipatikana kwenye ombi lako, ni wewe uliyeghushi, hata kama hukuiona. Ombi linakataliwa, na unaweza kufungiwa hadi miaka 10. Rekodi hiyo itakufuata kila utakapojaza fomu inayouliza kama umewahi kunyimwa viza, na nchi nyingine nazo huuliza swali hilo hilo. Wakala atakuwa ameshahamia kwa mteja mwingine.

Naomba niwaonyeshe barua waliyotuma, kwa sababu imeandaliwa kwa ustadi wa kumpumbaza mtu mwenye haraka. Ni PDF yenye nembo ya simba na farasi mwenye pembe juu, muhuri mwekundu chini, na kichwa kinachosema ombi "limepita hatua ya kwanza". Aya ya pili inamtaka muombaji aweke "amana ya kurejeshwa" ya shilingi milioni sita na laki mbili ndani ya saa 48, itakayorudishwa akifika Heathrow. Imetoka kwenye anwani ya Gmail. Namba ya kulipia ni ya simu, na unapoanza kutuma linatokea jina la mtu binafsi. Jina la ukoo la mdogo wangu limekosewa herufi, pasipoti yake ikiwa mikononi mwao.

Uingereza haina amana ya viza ya namna hiyo. Ada zote hulipwa mtandaoni kwa kadi ndani ya fomu yenyewe ya GOV.UK, na hakuna ada ya serikali ile inayopita kwenye namba ya simu ya mtu. Ukishalipa unapata namba ya ombi inayoanza na herufi GWF. Hiyo namba ni yako. Tulipomwomba jamaa atupe, akasema ni "siri ya ofisi". Tukaja kugundua kwamba alifungua barua pepe kwa jina la mdogo wangu na nywila anayo yeye peke yake. Fikirieni maana yake: majibu yote ya ombi yangekwenda kwake. Hata kama ombi lingekataliwa, angeweza kuendelea kudai pesa kwa miezi, na mwombaji asijue.

Kama unahitaji msaada wa kulipwa, wapo wanaofanya kazi hii kihalali. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1999, kutoa ushauri wa uhamiaji ndani ya Uingereza bila kuwa na idhini ni kosa la jinai. Washauri husajiliwa na mamlaka iliyoitwa OISC, ambayo tangu Januari 2025 inaitwa Immigration Advice Authority, na orodha yao iko wazi mtandaoni. Mawakili wana chombo chao na orodha yao. Huyu wa kwetu alituonyesha "leseni ya London" kwenye fremu ukutani. Tulitafuta jina lake na la kampuni kwenye orodha, hayapo. Alichonacho halisi ni leseni ya biashara ya halmashauri, ambayo ingemtosha hata mwenye duka la vipodozi.

Kwa mliokwisha kulipa, fanyeni haya leo. Pigeni huduma kwa wateja ya mtandao mliotumia kutuma pesa muombe muamala uzuiwe, hata kama zimepita siku. Nendeni kituo cha polisi na skrinishoti, risiti za miamala na barua zenyewe mpewe RB (namba ya taarifa yenu ya polisi), na msikubali kuambiwa ni deni la kawaida, maana kughushi na kujipatia fedha kwa udanganyifu ni jinai. Namba ya tapeli itumeni kwa ujumbe mfupi kwenda 15040. Mdaini pasipoti kwa maandishi. Sisi tuliirudishiwa baada ya askari kumpigia simu mbele yetu.

Na kama ombi limeshawasilishwa kwa jina lako, dai namba ya GWF na nywila, ingia mwenyewe usome kila jibu lililojazwa na kila karatasi iliyopakiwa. Ukikuta uongo, usiende kutoa alama za vidole kwa matumaini kwamba hawataona. Futa ombi kabla ya miadi hiyo: ukifuta kabla ya alama za vidole, ada ya viza hurudishwa. Ukishazitoa, ada hiyo huipati tena, kinachorudi ombi likikataliwa ni ada ya afya tu. Mdogo wangu alifuta akiwa amebakiza siku mbili. Anayetaka kulinganisha namba za simu au kuona ile barua aniandikie faragha, nitamtumia.