Pedeli ya Kushoto: Yaliyonipata Nikinunua Baiskeli Tabora

Naandika haya nikiwa bado na hasira, wala sioni sababu ya kuificha. Mwanzoni mwa kiangazi kilichopita nilinunua baiskeli mpya katika duka moja hapa Tabora mjini, kwa fedha nilizozidunduliza miezi mingi kutoka kwenye mshahara wangu wa ualimu. Nilitaka chombo cha kunifikisha shuleni asubuhi bila kumngoja bodaboda, na cha kunitoa nje ya mji siku za Jumamosi. Baiskeli niliipata. Pamoja nayo nilipata goti lililochubuka, mwendo mrefu wa kusukuma chuma juani, na maneno ambayo mfanyabiashara hapaswi kumwambia mteja wake mbele za watu.

Rangi yake, idadi ya gia zake na ukubwa wa magurudumu yake ni mambo ambayo kila mtu anaweza kuyasoma kwenye boksi. Mimi nitasema habari za pedeli moja, ya kushoto.

Nimekulia katika nyumba yenye baiskeli. Marehemu baba alikuwa na Phoenix nyeusi yenye breki za vyuma, ambayo aliifungia madumu ya asali na magunia ya mahindi kutoka upande wa Sikonge, na kilichomsumbua kwa miaka yote ile kilikuwa pini za krenki tu, ile mikono ya chuma inayobeba pedeli, zilizolegea mara kwa mara naye akazigonga kwa nyundo jioni akiwa amekaa kwenye kigoda. Pedeli haikupata kumwacha njiani hata siku moja. Ndiyo maana nilipofika dukani sikuwa mgeni wa chombo hicho, ingawa muuzaji alianza kuniona hivyo tangu nilipovuka kizingiti.

Baiskeli mpya huletwa ikiwa imefunguliwa na kufungwa kwenye boksi, kwa hiyo duka ndilo linaloiunganisha: usukani, gurudumu la mbele, tandiko, na pedeli. Kazi hiyo alipewa kijana mmoja barazani. Alifunga usukani vizuri, akafunga gurudumu, na mimi nikiwa nimesimama pembeni nilimwona akihangaika na pedeli ya kushoto. Aliianza kwa mkono ikagoma. Akachukua spana ikagoma. Mwishowe aliilaza spana, akapanda juu yake kwa mguu, akaikanyaga mpaka ikaingia kwa mlio ambao mpaka leo nikiukumbuka meno yananikereza. Nilimwuliza muuzaji kama ni kawaida pedeli kuingizwa kwa nguvu kiasi kile. Akanijibu bila kuinua macho kutoka kwenye daftari lake: "Mwalimu, wewe kazi yako kuendesha, ufundi tuachie sisi." Nilinyamaza, na kunyamaza kule kunaniuma kuliko goti.

Kwa wiki mbili au tatu hivi mambo yalikwenda vizuri. Mji wetu ni tambarare, na asiyewahi kuuzunguka kwa baiskeli asubuhi, wakati kivuli cha miembe bado kinafunika barabara na vumbi halijaamka, hajaufaidi. Nilinunua kengele na kufuli, nikafunga kikapu mbele kwa ajili ya madaftari, na mchomeleaji wa mtaani kwetu akanitengenezea keria ya nondo nyembamba ambayo ni imara kuliko ile iliyokuja na baiskeli, iliyokuwa ikitetemeka hata ikiwa tupu. Taa nilinunua mbili, nyeupe ya mbele na nyekundu ya nyuma, kwa sababu magari ya mizigo hayamwoni mwendesha baiskeli wakati wa magharibi. Haya nayapita haraka, kwa kuwa hakuna lililonikera.

Kisha ikaja Jumamosi ya Kwihara, kijiji kilicho nje ya mji wetu. Nilikwenda mpaka kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani, nikapumzika, nikanywa maji, nikaanza kurudi. Nikiwa bado mbali na mji, kwenye kipande cha mchanga ambapo mtu hana budi kusimama kwenye pedeli ili gurudumu lisikwame, nilihisi mguu wa kushoto ukitetereka, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Pedeli ilichomoka nzima pamoja na ekseli yake, kile chuma kinachoingia kwenye krenki. Nilianguka upande uleule, na mkono wa krenki, uliobaki kichwa wazi, ukanichana chini ya goti. Nilipoiokota pedeli niliona unga wa chuma cheupe umejaa katika hesi zake, ile mifereji ya mzunguko inayoishikisha pedeli kwenye krenki. Unga ule ulikuwa hesi za krenki yangu, zimesagwa zote.

Kuendesha kwa mguu mmoja kwenye mchanga hakuwezekani. Nilisukuma. Watu wawili walinisalimu kwa "mwangaluka" na kunipa pole, na mama mmoja aliyekuwa akiuza maembe makavu akanipa kipande cha kitenge nikafunga jeraha. Hao nawashukuru kwa dhati, kwa sababu kesho kutwa yake, Jumatatu, nilipofika dukani, hakuna aliyeniuliza kama niliumia.

Nataka nieleze vizuri yaliyotokea siku hiyo, kwa kuwa ndiyo kiini cha malalamiko yangu. Chombo kuharibika ni jambo la kawaida, na kama muuzaji angeinama, akaitazama krenki, akasema "pole mwalimu, kijana wetu alikosea," leo ningekuwa namsifu. Hakuinama. Alikaa palepale nyuma ya meza, akaniambia kuwa baiskeli ikishatoka dukani ni mali ya mwenyewe. Nilipomkumbusha ile spana iliyokanyagwa kwa mguu mbele ya macho yetu sote, alipaza sauti ili wateja wengine wasikie: "Ninyi akina mama hamjui kukanyaga baiskeli. Mnaegemea upande mmoja, halafu mnakuja kutusumbua." Kulikuwa na watu wanne au watano pale, na mmoja wao ni mzazi wa mwanafunzi wangu. Nilitoka nikiwa nashika usukani kwa mikono miwili ili isionekane inavyotetemeka.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja fundi, anayefanya kazi chini ya mwembe akiwa na beseni la maji ya kutafutia pancha na bati lililojaa gololi na nati kuukuu. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia, akaniambia, "Kaa hapo kwenye gogo, mwanangu, tuione." Aliishika ile pedeli iliyochomoka, akaifuta kwa kitambaa, akanionyesha mwisho wa ekseli. Kulikuwa na herufi moja ndogo iliyochongwa kwenye chuma: R. Akanionyesha ile iliyobaki upande wa kulia. Ilikuwa na L. Kijana wa dukani alizibadilisha zote mbili.

Hapo ndipo nilipoelezwa jambo ambalo kila anayeuza baiskeli anapaswa kulijua kabla ya kushika spana. Pedeli mbili za baiskeli hazifanani. Ya kulia, iliyoandikwa R, ina hesi za kawaida, na ya kushoto, iliyoandikwa L, ina hesi za kinyume. Ilifanywa hivyo kwa makusudi, kwa sababu hesi za upande wa kushoto zingekuwa za kawaida, mzunguko wa miguu ungeilegeza pedeli ile kidogo kidogo mpaka ianguke. Mzee alinifundisha na njia rahisi ya kukumbuka: spana ikiwa imesimama juu ya ekseli, pedeli zote mbili hukazwa kwa kuisukuma kuelekea gurudumu la mbele, na hufunguliwa kwa kuivuta kuelekea nyuma. Na zaidi ya yote, pedeli iliyo upande wake huingia kwa vidole mizunguko kadhaa kabla ya kuhitaji spana. Ikigoma kwa vidole, si ya upande ule, au imeanza upogo, na hapo mtu anatakiwa kuacha. Krenki za siku hizi nyingi ni za aluminiamu, ambayo ni laini, na ekseli ya pedeli ni ya chuma kigumu, kwa hiyo anayelazimisha ataona pedeli inaingia, akadhani amefaulu, kumbe inajichimbia njia na kuua hesi zote zilizokuwamo.

Krenki ya kushoto haikuwa na la kuokoa. Mzee alipekua mabaki ya baiskeli za mtumba kutoka Japani, akapata mkono wa krenki unaoingia sawasawa kwenye ekseli ya katikati ya baiskeli yangu, yenye pembe nne. Ile ya kulia, iliyoungana na meno ya cheni na ambayo ingenigharimu zaidi, aliiokoa kwa ustadi ambao sikuwa nimeuona: aliitoa pedeli ya L polepole, akapaka grisi ile ya R, akaanza kuiingiza kutoka upande wa ndani wa krenki, ambako hesi zilikuwa bado nzima, ikawa inanyoosha zile zilizopindishwa kadiri ilivyosonga. Kisha akaitoa na kuifunga upande wake wa kweli. Alifanya kazi hiyo kwa utulivu wa mtu anayeheshimu chuma na mwenye chuma. Malipo aliyoomba yalikuwa madogo kiasi kwamba nilimwongeza, akakataa, nikamwachia sukari kilo mbili kwa ajili ya bibi nyumbani.

Tangu siku hiyo baiskeli haijanisumbua hata mara moja. Lazima niseme ukweli huu ingawa haunifurahishi: baiskeli yenyewe ni nzuri. Fremu yake haina bomba la juu, kwa hiyo napanda na kushuka nikiwa na sketi bila taabu. Ni nyepesi, na breki zake za raba zinashika hata siku ya mvua kuliko breki za vyuma za baba. Bei ya duka lile nayo ilikuwa nafuu kuliko nilikoulizia kwingine. Kwa hiyo nilipoanza kuandika, nilikusudia kuwashauri wenzangu wanunue palepale, wakatae kabisa kuunganishiwa, wabebe boksi lao mpaka kwa fundi wanayemwamini. Niliuona ushauri huo kuwa wa haki kwa pande zote, na moyo wangu ulikuwa umeanza kutulia.

Lakini juzi nilipita mbele ya duka lile nikitoka shule. Barazani palikuwa na baba mmoja na binti yake aliyevaa sare ya shule ya msingi, wanangoja baiskeli ndogo ya bluu, na kijana yuleyule alikuwa amesimama juu ya spana ileile, mguu mmoja hewani, anaikanyaga pedeli ya kushoto. Hakuna aliyemfundisha. Baada ya damu yangu, baada ya kelele zile zote, hakuna mtu katika duka lile aliyechukua dakika mbili kumwonyesha yule kijana herufi mbili. Ushauri wangu wa kununua pale nimeufuta, hata kwa boksi lililofungwa.

Nilisimama, nikamsalimu yule baba, nikamwomba asome kilichoandikwa kwenye ekseli kabla hajalipa. Muuzaji alitoka ndani akisema, "Mwalimu, tafadhali, usiniharibie biashara." Yule baba alimtazama, akanitazama mimi, kisha akachuchumaa karibu na binti yake, akafuta grisi kwa kidole, nao wakaisoma ile herufi kwa pamoja.